Visiki vya Juu Mlimani

Mimi nikiamka vibaya hata mbuzi wa jirani wanajua. Siku hiyo niliamka vizuri. Nilikuwa kwenye kitalu changu pale Kiseke, kando ya barabara, nikimwagilia miche na kumtania mteja mmoja aliyetaka mparachichi wa kuzaa mwaka huohuo. Nikamwambia baba, huo nenda ukaununue sokoni ukiwa umeshaiva. Tukacheka. Simu ikaita.

Alikuwa Evelina, mke wa mdogo wangu Shigela. Hakusalimia.

"Wifi, wamemchukua! Sungusungu wamemchukua Shigela, wanampandisha mlimani!"

"Kwa kosa gani?"

"Visiki, wifi. Visiki vyake havijachipua."

Nikakaa chini palepale kwenye tope, na yule mteja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu bado.

Inabidi nieleze, maana asiyetoka kwetu atadhani tumechanganyikiwa, na pengine hatakuwa amekosea. Kijijini kwetu, ukipita Usagara na kuiacha lami, kuna mlima wa mawe, na mlima ule ni ngitili. Ngitili ni eneo linalofungwa. Ng'ombe hawaingii ovyo wala mtu hakati mti ovyo, majani na miti vinaachwa vipumzike mpaka kiangazi kikaze. Kila familia inapewa kipande chake cha kukata kuni na nguzo. Sheria yake ni hii: unakata milama yako, ile miti yetu ya kuni, kwa panga kali, unaacha visiki vya urefu wa goti, na mvua ya kwanza ikinyesha lazima vichipue. Vikichipua, mkono wako ni mzuri. Kikifa kimoja, watu wanaanza kukutazama. Vikifa vyote, na mvua nayo ikakatika, basi wewe ndiye uliyeifunga. Na aliyefunga mvua, kwetu, hapelekwi mahakamani.

Ngosha hakupelekwa. Ngosha alikuwa mume wa Kija, mtu mpole, hata ng'ombe wake alikuwa anawaomba waende. Alipewa kipande cha juu kabisa, kule kileleni, na alikuwa mtu wa kwanza kukata kule. Visiki vyake vikafa vyote na mvua ikagoma. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakampandisha hadi juu, wakamlazimisha avifukue visiki vyake kwa mkono wake mwenyewe, ili vichomwe na mvua ifunguke. Kila kisiki kilichotoka alichapwa. Hakumaliza visiki.

Na nisifiche, sina sababu ya kuficha: Shigela alikuwemo. Alikuwa kijana wa sungusungu, filimbi shingoni, anajiona. Nilikuwa nimekwenda kuwasalimia, nikamwona anaingia na fimbo yenye damu, akanawa, akala ugali. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Akaniangalia tu, akasema, "Dada, yule alikuwa mchawi. Wewe wa mjini hujui haya."

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukata kule juu. Watu walikuwa wanasema uchawi wa Ngosha bado uko kwenye mawe. Mpaka mwaka jana, vipande vya chini vikawa vimekatwa sana, mkutano ukaitishwa, na nani akasimama akajipiga kifua? Mdogo wangu. "Nipeni mimi kule juu. Mkono wangu hauna kasoro." Wakampigia makofi. Mjinga! Nampenda, tumenyonya ziwa moja, lakini mjinga.

Basi nikachukua panga la kitaluni, nikasimamisha bodaboda. Dereva akauliza panga la nini. Nikamwambia aendeshe. Akaendesha.

Njia nzima nilikuwa nawapigia watu simu, nikawapigia hata polisi, lakini tukikaribia mlima mtandao ukakata kama kawaida ya upande ule. Nikashuka chini ya mlima, kwenye kipande cha mzee Masalu, kamanda wa sungusungu. Kule chini ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata mpaka viatu vinakuwa vizito. Mvua moja tu ilikuwa imenyesha, wiki nyingi zilizopita, na bado ulikuwa na unyevu. Visiki vya Masalu vilikuwa vimechipua vibaya sana, machipukizi yananifika kiunoni, na katikati yake miche midogo imejiotea yenyewe, imebanana. Nilipita nayakanyaga kwa makusudi. Nilikuwa na hasira hata na majani.

Katikati ya mlima udongo ukawa mwekundu, una changarawe. Machipukizi yakawa ya magotini. Sikuyatilia maanani. Nilikuwa nasikia filimbi huko juu, na baada ya kila filimbi sauti ya mdogo wangu. Sauti hiyo niliijua tangu akiwa mtoto wa mgongoni. Nikaanza kukimbia, kanga ikafunguka, nikaiburuza.

Kule kileleni upepo wa ziwani ulikuwa unavuma bila kizuizi. Wanaume walikuwa wamezunguka duara, fimbo mikononi. Katikati yupo Shigela, hana shati, miguu imefungwa kamba, ameshika jembe. Mgongo wake sitaki kuueleza. Evelina alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, ameshapiga kelele mpaka hakuna kinachotoka. Na pembeni, peke yake juu ya jiwe, amekaa Kija, mjane wa Ngosha.

Kija alikuwa ameitwa. Masalu mwenyewe ndiye aliyemwita, aje aone kwamba sheria haina upendeleo, kwamba hata mtu wa sungusungu anachapwa kama alivyochapwa mume wake. Alikuwa amekunja mikono mapajani.

Sasa mimi hata nikiwa na panga nimelelewa. Nikasimama mbele ya Masalu, mtu wa umri wa marehemu baba, nikahema kwanza.

"Shikamoo."

"Marahaba, Selina. Umekuja."

"Nimekuja. Mfungueni mdogo wangu kabla sijamkata mtu."

"Mayu, tulia mama," akasema, taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia. "Amefunga mvua. Unaona mwenyewe. Chini kote kumechipua, katikati kumechipua, huku kwake hakuna hata jani. Mvua ilinyesha mara moja ikaondoka. Watoto watakula nini? Akivimaliza visiki vyake, tunavichoma, yanaisha."

"Ngosha alivimaliza?"

Masalu akampa ishara Nathaniel, msaidizi wake, pande la mtu lenye shingo nene. Nathaniel akapuliza filimbi. Shigela akainua jembe, akalishusha kwenye kisiki, kisiki kikatoka kirahisi mno, na fimbo zikashuka mgongoni kwake. Akaanguka juu ya kile kisiki. Akawa analia huku anatapatapa ardhini.

"Mimi si kama Ngosha!" akapiga kelele. "Mzee Masalu, unanijua! Ngosha alifunga mvua kweli, alikuwa mchawi kweli, mimi sijafunga! Mimi si kama Ngosha!"

Nilimtazama Kija. Uso wake haukubadilika. Mimi ndiye niliyeona aibu, aibu ya kutaka ardhi inimeze, na juu ya aibu hiyo Nathaniel akainua tena fimbo.

Nikamrukia. Nilimpiga na ubapa wa panga shavuni, akapepesuka, nikampiga tena, safari hii si kwa ubapa, na sikio lake likachanika nusu. Akalia kama ndama. Wakaniparamia. Mmoja akanikaba, mwingine akanikunja mkono mpaka panga likadondoka, na mwingine sijui nani akanipiga konde la mdomo. Nikatema jino. Nikamng'ata aliyenikaba, nikasikia nyama yake kati ya meno yaliyobaki, akaniachia. Hapo nikamnyang'anya Shigela jembe.

Niliinua jembe lile nimuue Masalu. Sisemi nimtishe. Nilitaka kichwa chake kipasuke pale mbele ya watu wake, na Mungu anajua. Nikalishusha kwa nguvu zangu zote. Mzee akaruka upande, jembe likapita bega lake na kugonga ardhi kando ya kisiki.

Ngaa!

Mikono yangu yote ikafa ganzi. Cheche ziliruka. Mpini ukapasuka kidogo. Wote tukasimama, hata waliotaka kunishika, maana sauti ile ilikuwa ya chuma na jiwe, na pale palikuwa na udongo, palikuwa na majani makavu, na palikuwa pameota mti.

Nikapiga upande wa pili wa kisiki. Ngaa! Nikasogea hatua, nikapiga tena. Ngaa!

"Udongo uko wapi?" nikauliza. Nilikuwa nauliza kweli.

Nikapiga magoti, nikafukua kwa vidole. Udongo ulikuwa unga wa changarawe, haufiki hata kina cha kiganja, chini yake jiwe jekundu, gumu, limelala mlima mzima. Nikakiokota kisiki alichokifukua Shigela. Kilikuwa hakina mzizi wa kwenda chini. Mizizi yote imetandazwa kama mkeka, imetafuta pa kushuka ikakosa. Ndiyo maana kilitoka kirahisi vile.

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwangu kukanipandisha hasira mpya. Miaka yote hii mimi nakaa na miche, naishi kwa miche, napanda mlima huu tangu nina meno ya utotoni, na sikuwahi kuinama nikatazama!

"Enyi watu," nikasema, damu inanitoka mdomoni inaingia kwenye blauzi, "mimi nikipanda mche kwenye kifuniko cha soda, ukafa, nimlaume nani? Nimlaume jirani? Nimtafute mchawi? Tazameni! Hiki ni kifuniko cha soda!"

"Maneno ya mjini hayo," akafoka Nathaniel, amelishika sikio lake. "Kama hakuna udongo, mti uliota vipi?"

"Uliota polepole, ng'ombe wewe! Milama ya huku juu ilikuwa na urefu gani? Si ilikuwa inatufika kifuani? Na babu alipokuwa anachunga huku si alikuwa anasema inamfika kifuani? Mlama wa chini, kwa mzee Masalu, ukiuacha unapita paa la nyumba. Mti ni uleule! Huu wa juu ulikuwa unaishi kwa kujibana. Mvua ikinyesha maji hayakai, yanateremka. Udongo unateremka. Mbegu zake zote zinateremka, ndiyo maana kule chini kumejaa miche mpaka inabanana na huku hakuna hata mmoja. Kisha unakuja na panga unaukata, unataka uchipue kwa kitu gani? Kwa upepo?"

Mtu wa aina ya Nathaniel akishindwa kwa maneno anapiga. Akamgeukia Shigela pale chini, akampiga teke la ubavuni. Nilisikia mfupa. Shigela akajikunja, akashindwa hata kulia.

"Acha!" Masalu akasema.

"Mzee, unamsikiliza mwanamke huyu?"

"Nimesema acha."

Masalu akaniomba jembe. Akaliomba kwa mkono tu. Nikampa, sijui kwa nini nilimpa, nadhani uso wake. Akaenda kwenye kisiki kingine cha Shigela akapiga. Ngaa. Akaenda kingine. Ngaa. Akasogea mpaka mwisho wa kipande, karibu na mahali ambapo mvua ilikuwa imekwangua mpaka jiwe limebaki wazi, akapiga huku na huku, na wanaume wakawa wanamfuata, wamezishusha fimbo, wengine wanachokonoa ardhi kwa ncha za fimbo zao wenyewe. Kila mahali jiwe.

Akarudi. Alikuwa amezeeka katika mwendo ule mfupi.

"Kwangu jembe linazama lote," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamfungua Shigela kamba. Hakuna aliyenizuia. Evelina akaachiwa, akaja akamlaza kichwa mapajani mwake. Nilikuwa na furaha, kweli kabisa, nilitaka kucheka. Nimeshinda! Nimemtoa mdogo wangu mikononi mwao, hai, kwa jembe lao wenyewe. Nikainua kichwa niwatukane vizuri, kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake.

Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walikuwa wanamtazama Kija.

Kija alikuwa amesimama. Alishuka kwenye lile jiwe, akaja katikati ya duara, na wanaume wale wenye fimbo wakampisha wote pamoja. Akainama akachukua kile kisiki nilichokuwa nimekiweka chini. Akakigeuza. Akapitisha kidole kwenye mizizi iliyolala.

"Kwa hiyo Ngosha," akasema.

Mwanaume mmoja akaiweka fimbo yake chini.

"Nauliza. Kwa hiyo Ngosha?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nathaniel alikuwa anatazama damu kwenye kiganja chake utadhani ndiyo kwanza anaiona. Nami furaha yangu ilinitoka yote, maana sasa nilijua nimefanya nini. Nilikuwa nimethibitisha. Kila jembe lilipolia pale lilimtoa Shigela kwenye hatia moja na kumwingiza kwenye nyingine, na shahidi nilikuwa mimi.

"Mayu Kija," akaanza Masalu, "haya ni mambo mazito. Tutakaa. Tutaita wazee, tutaongea, tutaona namna ya—"

"Nyamaza," Kija akasema. "Zamu yako inakuja."

Akamnyang'anya jembe. Mzee mzima, kamanda, akaliachia.

Kija akamwendea Shigela. Evelina akajaribu kumfunika mume wake kwa mwili, lakini Shigela akamsukuma taratibu, akajiinua akakaa, anapumua kwa shida kwa ajili ya ule ubavu. Wakatazamana. Nilidhani atamwomba msamaha. Kija akamtangulia.

"Umesema mume wangu alikuwa mchawi," Kija akasema. "Umesema leo, mbele yangu. Bado ni mchawi?"

"Hapana."

"Sema."

"Ngosha hakuwa mchawi. Ilikuwa jiwe." Machozi yakaanza kumtoka, na kamasi, kama mtoto. "Ilikuwa jiwe, Kija."

"Ulimpiga?"

"Nilimpiga."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Kwa mkono upi?"

Shigela akanyoosha mkono wa kulia, akauweka juu ya jiwe, pale nilipokuwa nimefukua mimi, kiganja chini. Akageuza uso.

"Wifi!" Evelina akanipigia kelele. "Wifi, mzuie! Selina!"

Panga langu lilikuwa miguuni pangu. Sijui nani alikuwa amelisogeza pale. Nililiona vizuri, mpini umegeukia upande wangu, ningeinama tu. Nilikuwa nimetoka Kiseke nikiwa tayari kumuua mtu kwa ajili ya mkono ule, na nilikuwa nimeshamchana mtu sikio, na nilikuwa nimeshalenga kichwa cha mzee. Nguvu nilikuwa nazo. Nilimtazama Kija, mikono yake miembamba imeshika mpini uliopasuka, nikakumbuka kwamba siku ile ya Ngosha na yeye alikuwa na watu wa kuwaita waje kuzuia, na aliwaita, na hawakuja.

Sikuinama.

Kija akainua jembe, akaligeuza upande wa kisogo, akalishusha. Halikulia ngaa safari hii. Lilitoa sauti ya kuni mbichi. Shigela akapiga ukelele ambao nadhani ulifika Usagara, akaanguka ubavuni, na mkono ukabaki umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Hakuna aliyekimbia. Wale wanaume wote, wenye miguu mizima, na njia ya kushuka ipo wazi, walibaki wamesimama. Mmoja alikuwa ameanza kulia, mtu mzima mwenye wajukuu. Wengine walikuwa wameficha mikono yao nyuma.

Nikapiga magoti kando ya mdogo wangu. Nikachana kanga yangu, nikatafuta vijiti viwili vilivyonyooka, nikaanza kuufunga ule mkono huku Evelina ananitukana, na alikuwa na haki ya kunitukana. Shigela akaninong'oneza, "Dada, dada," hakumaliza. Nikamwambia anyamaze, apumue.

Juu yangu nilimsikia Kija anasogea, jembe linaburuzika kwenye changarawe. Akasimama mbele ya Masalu.

"Na wewe," akamuuliza, "ulimpiga kwa mkono upi?"

Mimi nikaendelea kufunga.